Siku Saba za Mwinyimvua

Kwanza nijitaje, maana mimi ndiye mwenye kosa, na sitaki mtu asome akimdhania mwingine. Naitwa Herman. Ni Mnyamwezi wa Tabora, Mkatoliki, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko karani wa mahudhurio kwenye shamba la miwa huku Makurunge. Naandika nani kaingia, nani katoka, nani anaumwa na nani anajisingizia. Nina dirisha langu dogo la nondo, nina kalamu mbili, na nina mdomo ambao mama yangu alisema iko siku utanizika. Haujanizika mimi.

Ninayetaka kumsimulia ni Mwinyimvua. Mkwere wa Miono, miaka hamsini na nane, mwendesha pampu. Pampu zetu ni mashine kubwa za dizeli kando ya mto. Zinavuta maji na kuyasukuma mpaka kwenye mitaro ya miwa, na Januari jua linapowaka zinanguruma kutwa kucha bila kupumzika. Yake ilikuwa namba tatu. Miaka yote hiyo sijawahi kuliandika jina lake kwenye daftari la wachelewaji, wala la watoro, na kuna mameneja siwezi kusema hivyo juu yao. Mtu mkimya, kofia yake safi siku zote, na swala zake ungeweza kutegeshea saa. Nikikasirishwa na watu, na mimi hukasirishwa kila siku, nilikuwa nashuka mtoni kukaa naye nusu saa tu, roho inatulia.

Mimi na yeye ni watani. Wanyamwezi na Wakwere tumetaniana tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo ya watu kutoka bara kuishusha Bagamoyo, wakapumzika kwa Wakwere, wakala, wakagombana, wakazikana. Na utani huu si wa kuchekeana tu, una kazi yake. Ukifiwa, mtani wako anaingia na makelele, anazuia jeneza njiani, anajilaza kaburini na kuapa hatoki mpaka apewe jogoo, anamwambia marehemu, "Afadhali umekufa, mchoyo wewe!" Na mfiwa hakasiriki. Anacheka huku machozi yanamtoka, na msiba unabebeka. Kwa hiyo kila asubuhi Mwinyimvua akija dirishani kuweka sahihi nilikuwa namwambia, "Wee Mkwere, bado hujafa? Sanda yako nimeshainunua, sasa inaliwa na panya." Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Nikifa nani atakutwisha mzigo, Mnyamwezi? Hebu pisha." Asubuhi bila hayo ilikuwa haijaanza.

Yeye na mkewe Mina walikuwa wamebaki na mtoto mmoja, Mrisho, mwanajeshi. Mrisho alipelekwa Congo, kule mashariki, kulinda amani. Kulinda amani! Mpaka leo sijui nani aliyeliita jambo lile jina hilo. Siku anaondoka, baba yake alisimama msikitini Miono baada ya swala ya Ijumaa akaweka nadhiri mbele ya watu: mwanangu akirudi salama nitachinja beberu, tutasoma dua, na siku saba sitatoka nyumbani kwangu, nitakula naye sahani moja kama alipokuwa mdogo. Watu wakaitikia amina. Mtu mwingine angeweka nadhiri ya namna hiyo na kuisahau kabla ya kuvaa viatu. Siyo Mwinyimvua.

Katikati ya Januari akanijia dirishani anatabasamu, na yeye kutabasamu lilikuwa jambo la kuandikwa. Mrisho alikuwa amepiga simu. Kikosi chao kinabadilishwa, Jumamosi ya wiki inayofuata atakuwa Miono. "Nataka wiki moja, mtani," akasema, akaanza kuipanga kwa vidole juu ya kizingiti cha dirisha langu. Ijumaa anasafiri. Jumamosi anampokea. Jumapili dua na beberu. Katikati ya wiki shangazi yake anakuja kutoka Kaole, bibi wa watu hajamwona tangu amevaa gwanda. Ijumaa alfajiri wanakula sahani ya mwisho, anarudi kwenye pampu. Alikuwa ameshapanga hata nani atakayepika pilau. Nikamwambia, "Na mimi sahani yangu?" Akasema Wanyamwezi hula kwenye sufuria, sahani hazitutoshi.

Basi wiki ileile habari zikaharibika. Kule kwenye pampu redio haisikiki, hata uibandike sikioni, kwa hiyo kila inapofika saa ya taarifa ya habari alikuwa anapanda kutoka mtoni, miguu imelowa, anasimama dirishani kwangu. "Mtani, wamesemaje?" Nami namsomea kwenye simu. Waasi wameteka mji mdogo. Waasi wameukaribia mji mkubwa. Uwanja wa ndege umefungwa. Siku moja nikaona imezidi, nikamwambia wamesema tu hali ni tete.

"Tete ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba wanajua na hawataki kusema."

Akashukuru, akashuka mtoni. Nilimwona anasimama katikati ya njia, anatoa simu yake mfukoni, anaitazama, anairudisha. Ilikuwa simu ndogo ya vibonyezo, ameifunga kwa raba. Jumatano ya wiki iliyofuata Mrisho akapiga tena: tunatoka kesho kwa barabara, baba, Jumamosi nipo. Baada ya hapo simu ya kijana haikupatikana tena.

Sasa likizo. Ubaoni palikuwa na tangazo la afisa utumishi wetu, Asteria: likizo zote zimesitishwa mpaka mvua za masika zianze, isipokuwa kwa ugonjwa na msiba. Asteria si mtu mbaya, nisimsingizie. Mwinyimvua alimwendea, akavua kofia, akaeleza yote, vita, mtoto, nadhiri. Asteria akamsikiliza mpaka mwisho. "Mzee wangu," akamwambia, "nikikupa wewe, kesho watasimama arobaini hapa mlangoni, na pampu nimwachie nani?" Alitoka mle ndani kavaa kofia upande. Sijawahi kuiona kofia ile upande.

Alhamisi asubuhi akaja kwangu. "Mtani, niandikie nyingine. Labda leo ameamka vizuri."

Nikavuta fomu. Macho yake hayaoni maandishi ya karibu, na miwani yake ilikanyagwa na mbuzi, kwa hiyo fomu zake namwandikia mimi. Jina, namba ya kazi, siku saba. Nikafika kwenye sababu.

"Andika kweli," akasema. "Mwanangu anarudi kutoka vitani."

"Kweli ilishakataliwa jana."

Na hapo, haki ya Mungu, mkono wangu ukatangulia akili. Nikaandika: *msiba*. Nilikuwa nacheka. Nikamsomea kwa sauti ya kasisi, nikamwambia, "Pole sana, Mkwere, umefiwa. Siku saba zako hizo."

Hakucheka. "Msiba wa nani?"

"Wa yeyote! Wakwere mko wengi, hamtakosa mmoja wa kuzika wiki hii."

"Futa."

"Nikifuta, Jumamosi mtoto atafika akute baba yake kalala na pampu. Utachinja beberu wa nadhiri kwa njia ya simu?"

Akageuza uso kuelekea mtoni. Nikaanza kuona aibu, lakini aibu yangu haina nguvu za kuufunga mdomo wangu. Mwishowe akasema, "Jina usiandike. Jina la mtu yeyote usiweke hapo." Akachukua kalamu akaweka sahihi. Sahihi ilitoka nje ya mstari, na mimi mjinga nikamtania kwa hilo pia.

Nikaipeleka mwenyewe. Asteria akasoma, akaweka mkono kifuani. "Mungu wangu! Maskini mzee!" Kwetu mtu aliyefiwa haulizwi maswali. Anapewa pole na njia. Kila mtu pale shambani alikuwa anasikiliza zile habari, kila mtu alikuwa anajua nani yuko kule. Palikuwa na mstari mtupu, uhusiano na marehemu, na Asteria akauinamia, machozi yakimlengalenga, akaujaza kwa mkono wake: *mtoto*. Nilikuwa nimesimama pale pale. Ningesema, "Hapana dada, si mtoto," angeuliza, "Ni nani basi?" Mwinyimvua angefukuzwa, na mimi nyuma yake. Akagonga mhuri, nikatoka na karatasi mkononi nikijiambia kwamba ni wino tu.

Mwinyimvua akaenda zake Ijumaa alfajiri. Kabla hajaondoka akaniambia, "Usinipigie, mtani. Simu hii sasa ni ya Mrisho tu. Akipiga akakuta naongea na wewe, nitakufanya nini?"

Jumatatu nafika kazini nakuta tangazo jipya ubaoni, limezungushiwa mstari mweusi. *Mwenzetu mzee Mwinyimvua amefiwa na mwanawe.* Nje ya ofisi lori la miwa limeshafagiliwa, limetandikwa majamvi, na watu kumi na wanane wanapanda. Walikuwa wameshachangishana Jumamosi, mimi sipo: kiroba cha unga, sukari, majani ya chai, dumu la mafuta. Mbele kabisa kakaa Ashatu, mpishi wa kantini, kajifunga khanga mbili. Ashatu ndiye analia misiba yote ya shamba letu. Akilia hapa anasikika ng'ambo ya mto.

Nikampigia Mwinyimvua. Akakata. Nikapiga tena, akakata tena. Ujumbe nao hawezi kuusoma. Nikapanda lori.

Nitasema nini? Tulishika barabara ya Msata, tukapinda kwenda Mandera, tukaingia vumbi la Miono, na njia nzima nilikuwa na maneno mdomoni. Nilijiambia nitaruka wa kwanza, nimshike pembeni, nimweleze, kabla mtu hajafungua kinywa. Nikamsogelea Ashatu. "Dada, fanya hisani. Msilie mpaka mimi nishuke kwanza."

Akanitazama kama mtu aliyechoka nami. "Utani wako uanzie hukohuko makaburini, Herman. Leo tumebeba msiba, tuache."

Kufika, jamani. Kufika kwenyewe. Uwanja wa Mwinyimvua ulikuwa umefungwa turubai. Mikeka imetandikwa, masufuria makubwa yamepangwa, beberu kafungwa kwenye mkorosho. Wanawake wa mtaani wamekaa chini kimya, maana mgeni wao alitakiwa kufika Jumamosi na hii ni Jumatatu. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuongea. Mtu yeyote angeutazama uwanja ule angesema, ndiyo, hapa pana msiba. Lori halijasimama sawasawa, Ashatu kesharuka, mikono kichwani.

"Mrisho wee! Mwanetu wee! Congo imetumalizia mwanetu!"

Na wengine wakapokea.

Mina alitokea jikoni na mwiko mkononi. Mwanamke mwembamba, mrefu, mtaratibu. Alisimama akalitazama lori la kazini kwa mumewe, akawatazama watu wazima wanaolia, wanaume kwa wanawake, wanamtaja mwanawe kwa jina. Watu wa ofisini. Watu wenye redio na simu kubwa, watu wanaojua. Hakuuliza. Mwiko ukaanguka, na yeye akaenda chini, na wanawake wa mtaani wote wakaangua kilio kwa pamoja, kilio cha kweli sasa, si cha kusindikiza.

Nilimpata Mwinyimvua nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshikilia ukuta.

"Jina wamelitoa wapi?" akaniuliza. "Jina hatukuandika. Wamelitoa wapi, Herman?" Hakuniita mtani.

Nikamwambia yote. Asteria, mstari mtupu, neno mtoto, tangazo. Nikaapa kwa Yesu na Maria. Akanikazia macho, na mimi nikaona kitu ambacho sijakisahau: hakuwa na namna ya kuniamini. Kazi ya mtani msibani si ndiyo hiyo? Ndiye anayekuja kusema marehemu hajafa, kalala tu, muamsheni. Miaka kumi na moja namdanganya mtu huyu kila asubuhi kwa uso mkavu, halafu siku moja nataka aniamini.

"Unaniambia kweli," akasema polepole, "au unanifanyia kazi yako?"

"Kweli! Kweli, mzee wangu!"

"Mbona unalia?"

Nikaenda kwa Mina. Walikuwa wamemlaza mkekani, wanampepea. Nikapiga magoti nikasema, "Mama Mrisho, mwanao hajafa, ni mimi nimeandika uongo." Shangazi mmoja akanisukuma bega. "Watani wengine hawana haya! Subirini basi hata mwenyewe apate fahamu." Mina akafumbua macho, akanipapasa mkono. "Asante, shemeji," akasema. "Asante kwa kunifariji."

Tukakaa hivyo. Adhuhuri ikaja, wanaume wakaswali, wakarudi mkekani. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyejua afanye nini. Ashatu alikuwa amenyamaza, ananitazama kwa jicho baya, nadhani alikuwa anaanza kuelewa. Kwenye saa kumi ile simu ya raba ikalia.

Namba ndefu, ya kigeni. Mwinyimvua akaibonyeza, akaifungua sauti.

"Baba, shikamoo."

Mwinyimvua akaishika simu kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Mbona nasikia watu wengi hapo?"

"Ni wageni. Wamekuja kukupokea."

"Waambie wasubiri kidogo, baba. Njia imefungwa, tumerudishwa kambini. Inshallah wiki ijayo. Mama haj..." Ikakatika.

Basi watu wakacheka, wakalia, wakakumbatiana, dereva wa lori akalala chali kwenye jamvi anapiga miguu hewani. Mimi nilitukanwa matusi ya kikazi na ya kienyeji, Ashatu akanipiga khanga ya uso mara tatu, nami nikasema piga, dada, piga. Wote wakakubaliana kazini wasiseme kitu, maana likijulikana Mwinyimvua hana kazi. "Tumekuja, tumetoa pole, tumerudi," Ashatu akasema. "Hapa hatujaona kingine."

Mina peke yake hakucheka. Alikaa mkekani, khanga kichwani, anatutazama mmoja mmoja.

"Mmemlilia mwanangu akiwa hai," akasema. "Mmemwita kwa jina, kwenye uwanja wake." Kisha akasema, "Chukueni unga wenu."

Ashatu akainamisha kichwa. "Dada, nisamehe. Unga wa msiba haupakiwi kurudi nao. Nani atakubali kupanda lori moja nao?"

Kiroba kikabaki. Mina hakukigusa. Nikaambiwa baadaye kwamba aliagiza kisogezwe nyuma ya mlango wa stoo, na kwamba siku zilizobaki alikuwa akipita pale anageuza uso.

Siku saba zikaisha bila mgeni. Beberu akabaki amefungwa kwenye mkorosho, na Ijumaa Mwinyimvua akarudi kwenye pampu yake. Na hapo nikaona nilichokuwa nimekipika. Asteria na shamba zima walikuwa wanajua Mrisho amekufa, isipokuwa sisi wa lori. Kwa hiyo kila aliyekutana naye alimshika mkono. Pole, mzee. Pole na msiba wa kijana. Mungu amlaze pema. Naye ilimbidi apokee. Yule mtu ambaye hajawahi kudanganya hata saa ya kufika kazini, alisimama pale juani anaitikia, "Nimeshapoa, ahsante," mwanawe akiwa hai, yuko kambini anasubiri njia ifunguliwe. Siku ya kwanza alikuja dirishani jioni. "Nimepewa pole kumi na nne leo," akaniambia. "Zote nimezipokea."

Nikasema nitakwenda kwa Asteria nimweleze. Akasema, "Usiongeze maneno, Herman. Umeshasema mengi." Aliendelea kupanda kila saa ya habari. Nami namsomea. Mapigano yamerudi, yamefika kwenye kambi. Askari wa kulinda amani wameshambuliwa, idadi haijatajwa. Sikuwa nalainisha tena. Asubuhi alipokuja kuweka sahihi nilikuwa nageuza uso, nampa kalamu kimya. Ile sanda yenye panya sikuitaja tena, naye hakuniuliza imefikia wapi.

Siku ya kumi na mbili tangu arudi kazini, mchana, nilikuwa naandika. Nikasikia kitu na sikujua ni nini. Nikaacha kalamu. Wafanyakazi wawili waliokuwa wanapita nao wakasimama, wanatazamana. Ndipo nikajua: ni pampu namba tatu. Ilikuwa imezimwa. Miaka kumi na moja sijawahi kusikia Januari wala Februari pampu ile ikinyamaza.

Alipanda kutoka mtoni polepole, mikono ina grisi, simu ameishika kiganjani kama imevunjika. Kofia hakuwa nayo. Akafika dirishani.

"Askari wawili wamekwenda nyumbani," akasema. "Mina amenipigia. Naomba siku."

Nikavuta fomu. Jina. Namba ya kazi. Siku saba. Nikafika kwenye sababu, kalamu ikagoma.

"Andika," akasema, "kama ulivyoandika."

Nikaandika. Nikaipeleka kwa Asteria, yeye akinifuata nyuma. Asteria akasoma, akasoma tena, akavuta faili kabatini, akatoa karatasi ya kwanza yenye mhuri wake na maandishi yake mwenyewe. Akaziweka sambamba mezani. "Mzee," akasema kwa upole, sauti anayotumia kwa watu waliochanganyikiwa na majonzi, "Mrisho si tulishamzika?"

Mwinyimvua aliinama mezani. Alikuwa anazitazama zile karatasi mbili asizoweza kuzisoma. Nikajibu mimi. Nilisema yote, nimesimama, mlango wazi, watu wanasikia. Asteria alinisikiliza, kisha akakaa chini kwenye kiti chake akafunika uso. Aliposema, alisema neno moja tu: "Nendeni." Barua yangu ya onyo ilikuja baadaye. Ninayo, naitunza.

Mrisho aliletwa siku ya nne, jeneza limefunikwa bendera. Wanajeshi walimbeba mpaka makaburini Miono, na tulipofika kwenye tuta la mchanga Wakwere wote wakageuka kunitazama. Walikuwa wanasubiri. Hata imamu alisimama kidogo. Ndiyo zamu ya mtani hiyo: nizuie jeneza, nijilaze, nidai jogoo, nimtukane marehemu mpaka mama yake acheke. Mwinyimvua akanisogelea akasema, "Mtani, kazi yako." Nilifungua mdomo. Mdomo huu huu. Hakikutoka kitu, na baadaye kidogo wakaendelea kuzika.

Jioni wageni walipopungua nilikaa peke yangu pembeni ya turubai, nikingoja lori. Mina akaja na sinia, sahani moja ya ugali, mboga ya kisamvu. Akaiweka mkekani baina yangu na mumewe aliyekuwa amekuja kukaa bila mimi kumsikia.

"Kuleni," akasema. "Ndio ule unga wenu. Nimekifungua kile kiroba." Akaondoka.

Sikuinua mkono. Nikasema lori langu linakuja, nikasema sina njaa, nikasema nini sijui. Mwinyimvua akavuta bakuli la maji akaliweka mbele yangu.

"Niliahidi siku saba, sahani moja," akasema. "Mwenyewe hayupo. Nawa mikono, mtani. Leo ni ya kwanza."